Muiri Usio na Kipande

Tangazo lilisomwa Kibra, kando ya reli, kwa tarumbeta na bendera: kuanzia siku ile hakuna gome, mzizi wala jani la dawa lingeingia Nairobi bila kipande, kile cheti cha kuruhusiwa kutembea. Aliyelisoma alikuwa mkubwa wa Idara ya Mimea Inayotembea. Watu walimwita Bwana Kamba, maana alikuja na mzigo mzima wa kamba za kuvalisha miti vipande shingoni. Nasi tuliona ni haki. Mwanamume Mwafrika zama zile alivaa kipande chake shingoni ndani ya kikebe, na hakufa. Mti ukisimama, kila mtu anaujua. Ukianza kutembea, lazima uulizwe nia yake.

Kipande chenyewe kilitolewa bure kwa mmea wowote utakaofika ofisini, kutaja jina la baba yake na kuweka kidole. Mwezi mzima haukufika hata mmoja. Bwana Kamba aliwaandikia wakubwa wake kwamba mimea ya nchi hii ni mivivu.

Basi, mama yangu Wacera na wanawake wa kijiji chetu huko mlimani walikuwa wakishuka Kibra na dawa mgongoni, mwendo wa siku mbili. Walimletea Mabrouka, Mnubi, ambaye aliuza nyumbani kwake na kuwarudishia chao. Pesa hiyo haikuliwa. Shule yetu ilikuwa na paa la nyasi, na mkaguzi alikuwa amesema mvua ya masika ikiikuta bila mabati, ataifunga. Kila mzigo ulikuwa bati.

Mara ya kwanza baada ya tangazo, mama alisimamishwa kizuizini na Sajini Fadul, mume wa huyo Mabrouka, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka akiwa na kofia ya kazi.

"Wewe pita, mama," alisema. "Huyu mgongoni ndiye hana kipande."

Mama aliketi chini palepale, akaona mabati yanaruka kama njiwa. Fadul akamsomea sheria polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Asiye na kipande ni mzururaji. Mzururaji hubebwa na lori la Serikali, huwekwa rumande pahali pakavu, na huachiliwa akipata mwajiri.

"Mwajiri yeyote?" mama akauliza.

"Yeyote mwenye kazi."

"Na mshahara wake?"

"Asiyejua kuhesabu hupokelewa na mzazi."

"Mzazi wake ni nani sasa?"

Fadul aliutazama mshipi wa mzigo uliomkaza mama kipajini. "Kwani ni nani aliyembeba mgongoni?"

Kesho yake Mabrouka alijifunga shuka lake zuri, akajipaka manukato, akaenda ofisini kuandika kazi gome la muiri, mti wa dawa wa kwetu mlimani. Bwana Kamba aliuliza ni kazi gani. Mabrouka akasema ni kuchemka, mpaka maji yabadilike rangi. Bwana akaandika: kazi ya jikoni.

Baada ya hapo Kibra yote iligeuka mabwana wa kuajiri. Wazee wanaoamkaamka usiku kwenda haja walichukua muiri kwa kazi ya zamu ya usiku. Wenye watoto walichukua mbegu za mugaita kuwa maaskari wa kufukuza minyoo. Mama na wenzake waliacha kutembea kabisa. Walipanga mizigo kando ya barabara kulekule mlimani, wakaketi kungoja ikamatwe. Siku lori lilipochelewa, Wakarima, jirani yetu, alimkemea dereva kwamba wazururaji wake wamelowa mvua wakingoja sheria. Wakubwa walimsifu Bwana Kamba: uhalifu umeongezeka, na kazi pia imeongezeka.

Yalikuwa yamebaki mabati machache tu na mawingu yameanza kutanda, wakati Bwana Kamba alipopita kwa Mabrouka na kuona wafanyakazi wake wako sufuriani. Alikasirika sana. Akatoa amri mpya: kuchemka si kazi, na mkataba wowote uwe wa miaka miwili. Gome gani litachemka miaka miwili? Rumande ilijaa muiri usio na mwajiri. Mama alishuka kwa mguu, akaketi nje ya ofisi, na mvua ya kwanza ikamkuta hapo.

Fadul alipiga saluti. "Amri hii ni ya mmea wowote, Bwana?"

"Yote! Hapana kipande, kamata!"

Asubuhi Fadul aliingia rumande na mawaridi ya nyumbani kwa Bwana Kamba, yale yaliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya, yameng'olewa na mizizi yake kwa heshima zote. Memsahibu alikuja nyuma akilia. Bwana Kamba alikuja nyuma ya memsahibu.

"Hii maua yangu, Fadul."

"Ndiyo, Bwana. Kipande iko wapi?"

Bwana alifikiri, akasema basi atayaandika kazi yeye mwenyewe.

"Kazi gani, Bwana?"

"Kukaa. Kukaa tu bustanini."

"Kukaa tu, Bwana," alisema Fadul kwa huruma, "ndio uzururaji wenyewe."

Mama akainuka mlangoni, shuka linachuruzika maji.

"Ana miiba huyu?" akauliza. "Aje kwangu. Mbuzi wanatusumbua pale shuleni. Miaka miwili."

Kidole kikawekwa. Lori likapanda mlimani na mawaridi.

Wiki hiyohiyo lilitoka tangazo jingine, bila tarumbeta, kwamba mimea iko huru kutembea. Muiri ulitoka rumande, ukauzwa, na mabati ya mwisho yakapigiliwa misumari mvua ikinyesha. Lakini mkataba ni mkataba, na kutoroka kazi ni kosa. Bwana Kamba, kwa kuwa ndiye mzazi, aliletewa na Fadul mshahara wa mawaridi yake kila mwisho wa mwezi, yai moja, akatia sahihi.

Mimi nilisoma pale mpaka darasa la tatu. Akija mtu kusema Serikali ya wakoloni haikutupa kitu katika elimu, namwonyesha mguu wangu, hapa chini ya goti, kovu la mwiba.