Siku Tano za Kumpasha Bibi Joto

Jumatatu, 8 Julai
Hili sijamwambia mtu. Hita ya chumba cha Bibi haikufa kwa uzee. Niliiua mimi, kwa kuanika soksi za shule juu yake. Harufu ya kuungua nikawasingizia majirani. Leo Bibi, mama yake Baba, katangaza kwamba Jumamosi anahamia kwa Shangazi, kwenye nyumba isiyopitisha baridi. Bibi ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kuangalia viatu vyangu. Akienda, nitabaki na viatu.
Baba kasema hita nyingine hakuna, umeme tunaoula unatosha. Basi nitakipasha chumba joto bila umeme.

Jumanne, 9 Julai
Nimezunguka chumba na mshumaa. Moto ukilala upande, hapo upepo unapenya. Nimepata nyufa kumi na moja. Tundu la kumi na mbili nimelichoma mwenyewe, kwenye pazia. Bibi kasema afadhali, sasa ataona nani anapita. Mungu ampe maisha marefu.

Jumatano, 10 Julai
Nimepika uji mzito wa ngano, nikalowesha magazeti, nikaziba dirisha. Kaka anasoma ufundi. Nyumbani tunamwita Injinia, ingawa kitasa cha choo kimemshinda. Akasimama mlangoni na kuuliza kama ninaliziba dirisha au ninalilisha. Jibu zuri lilinijia saa mbili baadaye, nikiosha vyombo peke yangu.

Alhamisi, 11 Julai
Sisimizi wameupenda uji. Wanakuja kwa foleni, kwa adabu kuliko sisi shuleni. Wamefika hadi kwenye mto wa Bibi. Injinia akanipongeza kwa kumtafutia Bibi wapangaji. Nikabandua yote, nikafuta kwa siki, machozi yakinilenga. Nilipogeuka, Injinia alikuwa anakata sponji ya godoro kuukuu vipande vyembamba. Tukavibandika kwenye nyufa zote kimyakimya. Namshukuru sana. Hapa tu, kwenye karatasi.

Ijumaa, 12 Julai
Umebaki mlango. Chini yake paka anapita bila kuinama. Seremala wa mtaani kanijazia mfuko wa maranda bure. Aliuliza nina kuku wangapi. Niliona haya kueleza, nikasema sita. Kando ya cherehani nikakuta kapu la nguo kuukuu, ndani yake suruali nene ya sufu. Nikakata mguu mmoja, nikaujaza maranda, nikashona ncha zote mbili. Umelala mlangoni kama mbwa mwaminifu. Jioni Bibi kavua sweta moja kati ya matatu.

Jumamosi, 13 Julai
Shangazi kaja na gari. Baba akatokea akiuliza iko wapi suruali ya suti yake, aliyoiweka kando ya cherehani ipunguzwe urefu. Bibi, kakaa kitandani, akamjibu: mwanangu, imeshapunguzwa. Baba akatazama chini ya mlango. Akautambua mguu wake.
Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema, mbele ya watu wanne, Injinia akiwemo, kwamba hita niliiunguza mimi na sitaki Bibi aende. Bibi akasema soksi zangu anazijua harufu tangu siku ile, alikuwa anasubiri niseme. Kisha akamwambia Shangazi arudi tu na gari lake, yeye joto la humu limemtosha. Shangazi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Baba hakucheka, lakini alinishika kichwa, na hakukifinya.

Jumapili, 14 Julai
Nimewashukuru wote, mmoja mmoja. Seremala pia, na kuku nikamwambia hawajambo. Baba kaniapisha: nisikate, nisibandike, nisizibe chochote bila ruhusa. Nimeapa kwa moyo mweupe.
Ila sebule nayo ina baridi. Na koti la suti limebaki mjane. Mikono miwili, madirisha mawili, maranda nusu mfuko. Mkono wa kwanza umetoka vizuri sana.
Nasikia hatua za Baba koridoni. Anauliza kama nimeliona koti. Ukurasa huu nausukumia ndani ya mkono wa pi