Barua ya Posa Inayongoja Chembe

Temeke. Jumatatu, 10 Oktoba 1955

Barua ya posa imekamilika! Kurasa nne. Inaanza: "Wiki hii wataalamu wa Amerika wameigundua chembe ya atomu ambayo hakuna aliyepata kuiona, nami nimempata Felicitas." Sentensi ya maisha yangu! Kasoro moja tu: hawajaigundua. Gazeti linasema huenda ikawa siku yoyote. Nimemkabidhi barua mshenga wangu, Mzee Zahor mwenye duka, asiipeleke mpaka redio yake itangaze. Akauliza kama hiyo chembe ni ndugu wa bibi harusi.

Jumatano, 12 Oktoba

Redioni: bei ya katani, mvua Morogoro. Chembe, kimya. Nilikutana na Felicitas akitoka zahanati, na sare yake nyeupe ya unesi. Lo! Akauliza barua iko wapi, mjomba wake anaiulizia. Nikamweleza habari za chembe. Akasema yeye anaonekana, tena yupo hapa hapa Temeke.

Ijumaa, 14 Oktoba

Wilbert, karani mwenzangu, naye anamposa Felicitas! Barua yake kaionyesha ofisi nzima. Mistari miwili, makosa matatu. Nilicheka mpaka machozi. Mzee Zahor amenisihi apeleke yangu leo, tuifute tu ile sentensi. Kuifuta! Nimekataa katakata.

Jumapili, 16 Oktoba

Baada ya misa Felicitas alisimama peke yake mlangoni, akinitazama. Nilitamani mno kumwendea. Lakini saa ya taarifa ya habari ilikaribia, nikakimbilia dukani. Hakuna kitu. Niliporudi, hayupo. Nimeshinda nikimuwaza.

Alhamisi, 20 Oktoba

Imegunduliwa! Nimemtoa Mzee Zahor dukani mbio mbio, kofia mkononi. Mjomba akatukaribisha vizuri, akasoma kurasa zote nne. Akasema hajapata kusoma barua nzuri kama hii. Kisha akasema ya Wilbert alishaijibu juzi, na wamekubali. Felicitas alileta chai. Aliponipa kikombe akaninong'oneza kwamba angeikubali yangu hata kwenye karatasi ya kufungia sukari.

Jumamosi, 22 Oktoba

Sijala tangu juzi. Nampenda, basi.

Gazeti la leo linasema ipo chembe nyingine, ngumu zaidi kuonekana, inapenya hata ukuta. Wanaitafuta. Harusi ni Januari. Wilbert anaweza kubadili mawazo. Nimeandika barua mpya kwa mjomba, kurasa sita, tamu kuliko ya kwanza. Nimempelekea Mzee Zahor, nikamsisitiza asithubutu kuitoa kabla wataalamu hawajaipata chembe.