Nimefelishwa Mtihani wa Kutafutia Watu Kazi

Sokoni, Tukuyu

Ndugu Afisa Kazi,

Amani iwe nawe pamoja na shemeji. Mimi ni Ambilikile Mwakalobo, wakala wa kutafutia watu kazi hapa mjini tangu serikali iruhusu biashara huria. Nimepata majibu ya mtihani wako wa leseni: nimefeli, na ofisi yangu ifungwe. Jamani! Watoto wangu wanakula kwa kazi hii hii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tumeambiwa soko ni huria. Muuza ndizi hafanyi mtihani wa ndizi, wala mwenye baa hafanyi mtihani wa kulewa. Mbona mimi?

2. Mlitukalisha kwenye madawati ya darasa la kwanza. Magoti yaligusa kidevu. Mtu ataandikaje hapo?

3. Swali la tatu liliuliza: "Kabla ya kumpeleka mfanyakazi, utamuuliza nini?" Nikajibu: "Simuulizi kitu, namtazama viganja." Ukanipa sifuri, tena nyekundu! Ndugu yangu, wewe ni mgeni. Mimi Rungwe naijua, toka Kinyala hadi Kisiba. Mwenye viganja vigumu ameshika jembe. Mwenye laini ameshika kijiko tu.

4. Kama kumtafutia mtu kazi kunataka mtihani, basi na wanaowatafutia watu wachumba wapimwe. Na aliyekutafutia wewe cheo hicho pia.

Ushahidi uko kwako. Sekela, mpishi wako mpya kutoka Kinyala, na Mzee Ambindwile wa Mpuguso, mlinzi wako, wote nimekuletea mimi jana jioni, kwa kutazama viganja tu. Kama nilikosea, niambie. Kama sikukosea, naomba leseni yangu.

Wasalimie wote nyumbani, hata mwenye ile kalamu nyekundu. Ndaga fijo, yaani asante sana.

Wako katika kulijenga soko huria,
Ambilikile Mwakalobo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, shemeji amefika hapa akihema. Sekela amejifungia stoo tangu asubuhi, hajapika chochote. Mlinzi naye amesimama nje ya geti, ameipa nyumba mgongo, haingii ng'o. Mama yangu! Kumbe Sekela ameolewa na mtoto wa Mzee Ambindwile. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani kabisa, sembuse kukaa ua mmoja. Sikumuuliza ameolewa na nani. Nakuja sasa hivi kumchukua mmoja wao. Wewe kanunue chapati. Na naomba sana kurudia mtihani. Swali la tatu sasa nalijua.