Injini kwa Shemeki, Fremu Kwangu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Urbain amekuja tena asubuhi. Shemeki yangu, kaka wa marehemu mke wangu, fundi mstaafu wa reli, mikono kama koleo. Anataka fremu ya pikipiki yangu.

Niandike mambo yalivyo. Saroléa hii ya Kibelgiji ilikuwa ya baba, kule Kasongo. Mwaka wa vita niliipandisha treni, nikaishusha hapa Kamina. Vingine vyote vilibaki, na mimi sikurudi. Germaine alipofariki mwaka jana, ndugu zake walikuja baada ya kilio kuchukua sehemu yao, kama desturi yao ilivyo. Walichukua injini. Fremu wakaniachia. Mgane, na mifupa ya pikipiki!

Urbain anasema: shemeki, minyi niko na moyo, weye uko na mifupa, tuunganishe. Vizuri. Lakini anataka kuifanya ya magurudumu matatu, na sanduku nyuma la kubebea makala, mkaa wa kupikia. Mimi nataka irudi ilivyokuwa: nyeusi, mstari wa dhahabu kwenye tangi, kiti cha nyuma. Hasa kiti cha nyuma.

Nilikataa kwa Kifaransa kizuri sana. Akapiga miayo.

Jioni: mpango! Nitakubali. Aiunganishe yeye. Ikishaunguruma, nitaitorosha mpaka Base, kule kambi ya jeshi nje ya mji, kwa Ismaeli muuza vitambaa, rafiki yangu wa tangu Kasongo. Safi kabisa.

Jumatano, 9 Julai

Nimepeleka fremu. Nilimweleza Urbain kwa utaratibu: bolti za zamani tu, rangi nyeusi tu, hakuna kukata. Akacheka mpaka akakohoa. Ati weye unatengeneza kilio, minyi natengeneza kitu ya kutembea.

Nikaenda kunywa chai kwa jirani yake. Kosa! Niliporudi, msumeno ulikuwa umeshapita. Sehemu ya nyuma iko chini. Kiti kimelala ubavu vumbini.

Germaine alikuwa anakaa pale upande upande, kikapu mapajani, akiniambia nipunguze mwendo. Baiskeli zilikuwa zinatupita.

  Urbain alikiokota kiti, akakifuta kwa shati lake, akanipa mikononi. Kisha akaendelea kukata.

Jumamosi, 12 Julai

Imeunguruma! Sauti ileile. Majirani walipiga makofi. Mimi nilijifanya moshi umeniingia machoni. Rangi ni buluu ya mlango wa duka. Sanduku ni kubwa kama kitanda. Nilivumilia. Nikamwomba Urbain niijaribu hadi kona. Akasema enda, shemeki, ile kona iko karibu, usiipoteze.

Niliipita kona. Niliipita stesheni. Uhuru!

Kabla ya kuvuka reli, katikati ya njia: mama Léa na magunia ya unga. Mama mdogo wa Germaine. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini ni mkwe wangu. Simwangalii usoni, simbishii, simpiti bila kusimama. Germaine hayupo, heshima ile ipo. Nikasimama, nikashuka, nikaangalia viatu vyangu.

Yeye pia hasemi nami moja kwa moja. Aliiuliza pikipiki. Ati weye pikipiki, uko unaenda ku soko? Ningesema Base! Neno moja tu! Nikausikia mdomo wangu ukijibu kwa adabu: inaenda, mama.

Magunia yakapanda. Mama Léa akapanda juu yake, akawa anaisifia pikipiki akili zake njia nzima. Sokoni alisimama Urbain na baiskeli yake, anatabasamu. Mama Léa ndiye mteja wake wa kwanza. Walishapatana juzi mama angojee pale kwenye reli, kwenye njia ya Base. Urbain akaita watu: mumuone shemeki, siku ya kwanza tu, na tayari iko shofere!

Watu wakanipongeza kwa udereva. Nikainama kuwashukuru. Ningefanya nini?

Jumatatu, 14 Julai

Leo Urbain alisimama mlangoni na shehena ya makala. Akazima injini. Anapendekeza tubadilishane: asubuhi yake, jioni yangu. Anasema dada yake hangependa nikae peke yangu humu ndani. Nikamjibu nitafikiri. Alipoondoka nilisimama uani, nikaisikiliza sauti mpaka ikapotea upande wa reli.

Ni wema, najua. Mtu mwenye akili angeupokea na kutulia.

Nimefikiri. Nitaipokea zamu ya jioni. Halafu, Base! Kwa njia ya nyuma safari hii, mama Léa hapiti huko kamwe. Wanakaa huko dada zake tu. Ismaeli ana msumeno. Sanduku tutalikata, buluu tutaikwangua, na kiti cha nyuma nitakifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Hatakikalia mtu. Lakini kitakuwa mahali pake.