Kocha Aliyeagwa Kila Mechi

Wananchi wote wa Villa Candelaria, wenye masikio na wenye kofia zilizowaziba masikio, walitangaziwa rasmi na Klabu ya Besiboli ya Nyuki kwamba msimu umekwisha. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni, kati ya wimbo wa bachata na habari za bei ya mchele. Lilikuwa na kasoro moja tu, ndogo, isiyostahili kumsumbua mtu aliyesoma: mechi zilikuwa bado zinachezwa.

Mwenye tangazo alikuwa Don Anselmo Peguero, Mkurugenzi wa Ofisi ya Maswali ya Mapumziko. Ofisi hiyo aliibuni mwenyewe. Klabu nyingine husubiri msimu uishe ndipo zikae zijiulize nani abaki, nani aende, nani abadilishwe na nani. Don Anselmo aliona huo ni uzembe wa kitaasisi. Mwenye akili, alisema, hufika matangani mapema apate kiti cha mbele.

Na hakuwa amesema uongo. Timu nne kati ya sita huingia mtoano, nao Nyuki walikuwa wa sita, wakimtazama hata wa tano kwa kuinua shingo. Basi Mkurugenzi akajiuliza maswali, akajijibu. Kocha Chago Lantigua aondoke lini? Zamani. Mdakaji Bienvenido Paniagua, yule wa magoti yanayolia kama mlango wa ghala, apewe nani? Yeyote atakayempokea. Yalikuwapo na maswali mengine, mengi yakihusu rangi ya viti.

Mpango akaupeleka kwa Doña Hortensia Despradel, mwenyekiti wa klabu na mwenye kiwanda cha mikate. Mama huyo aliusikiliza huku akijipepea.

"Mwanangu," akasema, "mpira siujui sana. Naujua unga. Mimi mkate siuiti mkate ungali tanurini. Lakini wewe ndiye mkurugenzi. Ukipatia, ile ofisi ya juu, yenye dirisha la kutazama uwanja, ni yako. Ukikosea, sitamuuliza mtu mwingine."

Don Anselmo aliitamani ile ofisi ya juu kama fisi anavyoitamani nyama iliyoanikwa. Akatoka pale akiwa amekwisha chagua pazia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumuaga kocha. Akapanga Hafla ya Kuaga kwa Heshima uwanjani kabla ya mechi, kukiwa na keki ya Doña Hortensia yenye jamu ya nanasi ndani. Akavaa suti ya rangi ya krimu. Akiiendea maikrofoni akajikwaa kwenye waya, akapepesuka, akajishika.

"Ndugu wananchi!" akaanza. "Kuna watu ni kama mishumaa: huangaza, kisha huzimika. Leo tunamuaga mtu aliyetutumikia kwa moyo wote. Tunamwambia: mlango uko wazi, nenda ukapumzike."

Kocha Chago, mzee mfupi asiyetoa kijiti cha meno mdomoni hata akipiga picha, alisogea akasema, "Ahsante, Don. Sasa tunaweza kucheza?"

Wachezaji wakala keki, wakajifuta vidole kwenye suruali, wakaingia uwanjani na kuwachapa vinara wa ligi kipigo cha mbwa mwizi.

Kesho yake, mechi ikikaribia, Bienvenido alibisha ofisini kwa Mkurugenzi akiwa amevaa mavazi yake yote ya kudakia, kinyago mkononi.

"Don, tunakungoja. Njoo umuage kocha."

"Si nimeshamuaga jana?"

"Ndiyo hiyo. Ulimuaga, tukashinda."

"Sasa nimuage tena ili iweje? Mtu haagwi mara mbili!"

"Don, wewe umezaliwa hapa au umeletwa na boti?" Bienvenido akauliza kwa upole. "Timu inaposhinda, haguswi mtu wala hakiguswi kitu. Mimi nimekula ndizi za kuponda na soseji ya salami kama jana, bakuli lile lile. Soksi sijafua. Mke wangu kanihamishia kibarazani, lakini sijafua. Wewe hotuba tu inakushinda?"

Don Anselmo alitaka kutaja kifungu cha kanuni, akakiacha. Aliujua mji wake. Yule mhasibu wa zamani aliyewahi kutamka "tumeshashinda" kabla mpigaji wa mwisho hajatolewa, na kweli wakashindwa, mpaka leo hunyolewa mji wa pili, maana vinyozi wa Villa Candelaria hawataki mkosi wake ubaki kwenye mikasi. Basi Mkurugenzi akavaa koti lake la krimu, akashuka.

Akaenda kwenye maikrofoni kwa hadhi, akiuinulia waya mguu.

"Hajajikwaa!" sauti ikapasuka kutoka viti vya jua, vile vya bei nafuu visivyo na paa. "Bwana wee, hajajikwaa huyo! Arudie!"

"Arudie! Arudie!"

Akarudi nyuma. Akaja tena. Akajikwaa. Uwanja ukashusha pumzi. Akasema habari za mishumaa, Chago akasema, "Ahsante, Don. Sasa tunaweza kucheza?", keki ikaliwa, na Nyuki wakashinda.

Toka hapo Ofisi ya Maswali ya Mapumziko ikatoa waraka kueleza kuwa kinachofanyika ni Uagaji wa Awamu, kwamba Kocha Chago kimsingi ameshaondoka ila utekelezaji wa kuondoka kwake unaendelea hatua kwa hatua. Waraka ulisomeka vizuri. Watu waliutumia kufungia maandazi.

Na Nyuki wakaendelea kushinda. Hotuba ikajulikana mpaka na kasuku wa duka la kona. Don Anselmo akisema "Kuna watu ni kama..." uwanja mzima unaitikia "Mishumaa!" Akisema "huangaza," wanaitikia, "Kisha huzimika!" Akina mama wa viti vya jua, ambao hawajawahi kukosa mechi wala kukosa neno, wakamtungia na vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kaburi limechimbwa, matanga yameliwa, maiti yuko uwanjani anapiga mpira!"

"Nyuki weee!"

Don Anselmo alicheka nao kwa meno ya mbele tu. Ndani alikuwa anaungua. Timu ilipanda ikawa ya tano, kisha ikasimama bega kwa bega na Farasi wa Jobo Bonito, wakigombea nafasi ya nne, ile ya mwisho ya kuingilia mtoano. Mechi ya kuamua ikawa ya hao hao wawili, Jumapili mchana, nyumbani Villa Candelaria.

Jumamosi Doña Hortensia alimwita. Alikuwa anajipepea kama kawaida.

"Naona msimu wako uliokwisha unaendelea vizuri, mwanangu."

"Ni mtikisiko wa muda tu, Doña. Mwelekeo wa jumla ni wa kushindwa."

"Haya. Na kesho?"

"Kesho tutarudi kwenye mpango."

"Hebu tuone," akasema Doña Hortensia. Maneno machache ya mwenye mali yana meno. Don Anselmo alitoka akijua kwamba Nyuki wakiingia mtoano, ile ofisi ya juu ataiona akiwa barabarani.

Akawaza. Hakutaka kuihujumu timu. Neno hilo hata hakuliruhusu likae kichwani. Alitaka tu kulinda uadilifu wa mpango. Na kama kila kitu lazima kibaki vilevile, basi mpango ungelindwa kwa kubadilisha kitu kimoja, tena kidogo.

Jumapili akafika uwanjani na skafu ya sufi shingoni, jua likiwaka la kupasua nazi. Walipomletea maikrofoni, akaonyesha koo, akatikisa kichwa kwa huzuni, akafungua kinywa kuthibitisha kwamba hamna kitu. Sauti imekwenda. Daktari amekataza. Akaketi kando ya Doña Hortensia, akakunja mikono.

Nyuki wakaingia uwanjani bila kuagiwa kocha, wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Mrushaji wao akawa anatupa mipira kana kwamba inamchoma mkononi. Kufika ngwe ya nane kati ya tisa, Farasi walikuwa mbele kwa mabao mawili. Ngoma za viti vya jua zilikuwa zimenyamaza. Mkurugenzi alishika shavu kwa masikitiko ya kiofisi, na ndani ya masikitiko hayo akawa anapima dirisha la juu kwa ajili ya pazia.

Hapo ndipo muuza kahawa alipopita na birika lake, akakanyaga ganda la karanga, akateleza, na kahawa ya moto ikashuka yote kwenye paja la krimu.

"MAMA YANGU NAKUFAAA!"

Ilikuwa sauti nzuri, nzima, yenye afya. Ilivuka viti vya kivuli, ikavuka viti vya jua, ikagonga ubao wa matokeo na kurudi. Mrushaji wa Farasi alisimamisha mkono hewani. Watu wote wakageuka.

"Aaa!" mama mmoja akasema polepole. "Kumbe koo lipo."

"Lipo, mwenzangu. Tena halina hata kutu."

"Alitunyima hotuba makusudi! Huyu ndiye mkosi wenyewe!"

Doña Hortensia alifunga upepeo wake. "Anselmo, umepona. Shuka ukaseme."

"Doña," Don Anselmo akasema, akijipangusa kwa skafu, "ningependa. Lakini utaratibu wa Uagaji wa Awamu unataka kuaga kuwe kabla ya mechi. Katikati ya mechi hakuna kifungu. Tukianza kufanya mambo bila kifungu, tutafika wapi?"

"Kwenye mtoano," akajibu mtu nyuma yake.

Kocha Chago alikuwa amekwisha kuja mpaka ukingoni, kofia mkononi, kijiti mdomoni.

"Doña wangu, muache Mkurugenzi, kaungua. Mimi nimeagwa mpaka nimezoea. Hotuba naijua. Niruhusu niisome mwenyewe."

Mwamuzi alipaswa kukataza. Lakini naye alikuwa na mke wa Villa Candelaria na angependa kuendelea kunyolewa hapo hapo. Akainama, akaanza kufunga kamba za viatu, kwa makini sana, kiatu kimoja kisha kingine.

Chago akaiendea maikrofoni. Akajikwaa sawasawa. Uwanja mzima ukasema "Ehee!"

"Ndugu wananchi! Kuna watu ni kama..."

"MISHUMAA!"

"Huangaza..."

"KISHA HUZIMIKA!"

"Leo tunamuaga mtu aliyetutumikia kwa moyo wote." Chago akatoa kijiti mdomoni; wengi walikuwa hawajapata kuona mdomo wake ukiwa peke yake. "Tunamuaga Don Anselmo Peguero. Don, mlango uko wazi, nenda ukapumzike."

Watu wakatazamana kuhakikisha wamesikia vizuri. Kisha ngoma zikalipuka. Mtu akampa Mkurugenzi kipande cha keki. Watu wakasogeza magoti, njia ikafunguka mpaka langoni.

"Doña, huu ni mzaha," Don Anselmo akasema. "Waambie."

"Ndiyo, mzaha tu, mwanangu. Sasa sema maneno yako."

"Maneno gani?"

"Anayeagwa husema nini?"

Don Anselmo akatazama huku na huku. "Ahsante, Don," akasema kwa sauti nyembamba. "Sasa tunaweza kucheza?"

"Tunaweza. Wewe toka kidogo tu, tumalizie," akasema Doña Hortensia.

Akatoka, akiinua kichwa, paja lina doa, keki mkononi. Eligio, mlinzi wa lango, akamfungulia, akamsaluti, akafunga. Na komeo lilipoingia tu, ndani ukasikika mlio mmoja mkavu wa rungu likikutana na mpira, kisha mngurumo uliofanya njiwa wote wa kanisani waruke. Bienvenido, wenzake wawili wakiwa wanamngoja kwenye vituo, alikuwa ameupiga mpira nje ya uzio, na sasa alikuwa anazunguka vituo vyote, magoti yakilia, uwanja mzima ukiyahesabia mdundo. Mabao matatu. Ngwe ya tisa Farasi wakatolewa mmoja mmoja kama meno. Nyuki wakaingia mtoano.

Don Anselmo aligonga lango.

"Eligio, fungua. Nina ofisi humo."

"Siwezi, Don. Ulitoka, tukashinda."

"Ulikuwa mzaha!"

"Na ushindi ni ushindi. Haguswi mtu wala hakiguswi kitu."

Doña Hortensia alithibitisha jambo hilo kwa barua fupi, yenye lugha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka klabuni, maana aliinakili kutoka nyaraka za Mkurugenzi. Ilieleza kwamba Don Anselmo hajafukuzwa kabisa. Kuondoka kwake kunatekelezwa kwa awamu. Ofisi ya juu akapewa Kocha Chago, ambaye hapendi madirisha, akaweka humo soksi za timu zisizofuliwa, zipate hewa.

Basi kila mechi ya mtoano Don Anselmo huletwa kwa gari la mikate, amevaa suti ya krimu yenye doa lililokatazwa kufuliwa. Hukaa mpaka ngwe ya nane, humwagiwa kahawa, ya vuguvugu siku hizi kwa huruma ya muuzaji, hupiga kelele, huagwa na maelfu ya watu, hushukuru, hutoka. Na Nyuki hushinda. Walifika fainali hivyo hivyo.

Siku ya fainali, lango lilipofungwa nyuma yake, alimgeukia mlinzi. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekula keki nyingi mno.

"Eligio, ndugu yangu. Nitarudi humo ndani lini?"

"Wakifungwa tu, Don. Siku hiyo nakufungulia kwa mikono yangu."

Don Anselmo akaegemea lango, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti, kwa moyo wake wote, Nyuki wafungwe. Ndani, uwanja ukanguruma. Eligio akamsogelea, akamwekea mkono begani kwa wasiwasi.

"Hapo hapo, Don, usiache. Tangu ulipomuaga kocha mara ya kwanza unawaombea wafungwe, nao wanashinda. Nakusihi, usibadilishe kitu."