Sabuni ya Kafuri kwa Bibi Zuhura

Leo nimepatikana, jamani. Nawasimulia nyie tu kwa sababu tulikuwa zamu moja kiwandani, tukapunguzwa siku moja, na aibu zangu nyingine mnazijua tayari.

Mnajua nimejaribu mengi tangu siku ile. Kuku wakafa kwa kideri. Nyanya zikaniozea mkononi. Mwezi huu nikasema, sabuni! Kila mtu anaoga. (Hata sisi tusio na kazi.) Nikasahau kwamba siku hizi maduka yamefurika sabuni za nje, zimevishwa karatasi zenye picha za wanawake wanaocheka.

Mawese yalinishinda bei. Nikaenda nyuma ya kiwanda cha samaki, nikapata ndoo ya mafuta ya sangara kwa bei ya kutupa. Nikanunua na soda kali ya kutengenezea sabuni, nikachemsha uani, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Sabuni ikashika vizuri, nyeupe kabisa. Ila ilinuka samaki. Tena si kidogo.

Mke wangu Modesta alinusa mara moja tu. "Baba Kulwa, mtu akiogea hii atafuatwa na paka."

Ikabidi nitafute manukato. Nikaenda mjini kwenye duka la viungo na dawa. Muuzaji akanifungulia vichupa: limau, asumini, waridi. Waridi lilinifanya nifumbe macho. Nikauliza bei, nikayafumbua.

"Huna cha chini ya hapo?"

"Shida yako hasa nini, mzee?"

"Harufu ya samaki."

Akacheka, akachota vipande vyeupe kwenye kopo. "Kafuri. Hii inaua harufu yoyote."

Nikanusa. Ikapanda mpaka utosini! Safi, ya baridi, kama hospitali ya wenye pesa. Na bei yake ilikuwa ya mtu kama mimi. (Hakuniuliza natengeneza nini. Nami sikumwambia.)

Nikaiyeyusha sabuni upya, nikatia kafuri yote. Samaki akanyamaza.

Leo asubuhi nikavaa shati la kanisani, nikafunga vipande sita kwenye kitambaa, nikaenda Kirumba kwa Ramadhani. Ana nyumba ya wageni inayojaa wanunuzi wa samaki. Akinipa oda, wanangu Kulwa na Doto wanarudi shule. Wamefukuzwa ada, wiki ya pili sasa wanashinda wamekaa kizingitini.

Ramadhani alinipokea vizuri. "Mimi sabuni sizijui," akasema. "Mwonyeshe mama. Hapa hakiingii kitu asichokikubali."

Mama yake, Bibi Zuhura, alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni. Ametoka hospitali juzi. Alizidiwa kiasi kwamba watu walishaanza kuulizana atazikwa wapi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Macho yamechoka haya. Nipe ninuse."

Nikaona hiyo ndiyo nafasi! Nikaomba beseni la maji, nikamnawisha mikono mwenyewe, taratibu, kwa heshima zote. Povu likatoka jingi. Nikajisifu moyoni.

Bibi akapeleka kiganja puani. Akanusa tena.

"Ramadhani," akaita kwa sauti ndogo, "nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Mbona nanukia maiti?" Akajigusa kifua. "Ni mimi? Mmeshaanza kuniosha?"

"Hapana, bibi! Ni sabuni tu!"

Nimechelewa. Akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka ng'ambo ya ziwa.

Sasa majirani yowe hilo walilitegemea siku nyingi. Wakaingia mbio, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanalia. Mmoja kaja na mkeka wa matanga kabisa! Bibi kuwaona vile, ndiyo akaamini.

"Si nilisema! Wameshakuja kunililia!"

Akalala chali mwenyewe, akanyoosha miguu, akafumba macho. Na mimi nimesimama katikati ya msiba, nimeshika beseni, mikono imejaa povu.

Ramadhani alinivutia mlangoni. "Kafuri sisi tunampaka maiti! Ndiyo harufu yake ya mwisho! Hukujua?"

Sikujua. Mimi Mkatoliki wa Misungwi, kafuri nimekutana nayo dukani.

"Ulitaka wageni wangu waogee harufu ya kaburi?"

Ndani nilimsikia bibi analia, sasa kilio cha chini, cha mtu aliyeogopa kweli. Hicho ndicho kilichoniuma, jamani, kuliko hata oda. Nikarudi, nikapiga magoti kando ya mkeka.

"Nisamehe, bibi. Ni ujinga wangu."

Akanishika mkono. "Niambie kweli, mwanangu. Nipo?"

"Upo, bibi."

"Basi ondoka na hicho kitu chako."

Nikaondoka. Sijafika barabarani, mzee mmoja wa kanzu, miongoni mwa wale waliokuja kulia, akanifuata. Akaomba kipande kimoja. Akakinusa, akakigonga kwa ukucha.

"Mimi ndiye ninayeosha maiti mtaa huu," akasema. "Sabuni nzuri. Nipe zote."

Nikampa. Jioni tumekula ugali. Shule bado. Modesta hajasema neno mpaka sasa, na mimi namwogopa zaidi akinyamaza.

Kwa hiyo msinicheke. Nina mteja mmoja, na anaowaogesha hawajawahi kulalamika.