Madoa Matatu kwenye Sarafu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kanikabidhi sarafu ya shaba ya marehemu baba yake, niipeleke kwenye maonyesho ya chama chetu cha wakusanyaji. Kasema niirudishe kama ilivyo. Bila shaka! Shemeji, kaka yake, naye anapeleka yake. Imefubaa, kahawia tupu. Yetu bado ina wekundu wake wa kiwandani, ila ina madoa meusi matatu. Mpimaji wa chama, tunayemwita Miwani, kaigeuza chini ya taa. Mawili ya mgongoni angeyafumbia macho, kasema, lakini la tatu limekaa usoni, na jicho linakimbilia hapo kwanza. Daraja la pili. Ya shemeji, kwa kuwa haina doa, la kwanza. Hukumu rasmi Jumatano. Akaonya isiguswe na kitu chochote. Tulikuwa wengi pale, sijui kwa nini alinitazama mimi.

Jumanne, 4 Machi
Limau na chumvi. Madoa ya mgongoni yametoka. La usoni king'ang'anizi. Dawa ya meno, mswaki wa zamani (wa kwangu, nisisingiziwe). Limetoka! Sarafu inang'aa mpaka raha. Shemeji atakoma.

Jumatano, 5 Machi
Miwani hakuhitaji hata lenzi. Kasema shaba ikizeeka yenyewe haiwi na rangi hii ya waridi. Madoa yangenishusha daraja moja tu, kusugua kumenitoa kwenye madaraja yote. Kaandika "Imesuguliwa", akanirudishia kwa ncha za vidole. Sarafu ya shemeji imewekwa kwenye kabati la kioo. Shemeji kanifungulia mlango nilipokuwa natoka. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kaulizia sarafu. Nikamwambia iko kwa Miwani, kwa usalama. Akakaa kitandani, akaanza kukunja nguo.

"Lile doa la usoni ni kidole gumba cha baba," akasema. "Akiwa na jambo zito alikuwa anaishika hivyo, ananyamaza. Mimi huweka changu palepale."

Sikujua. Naandika kweli, sikujua. Moyo umeniuma kiasi kwamba nilitaka kumwambia yote papo hapo. Nikamsaidia kukunja shuka.

Ijumaa, 7 Machi
Wazo! Doa la kidole hutengenezwa na kidole. Nimemwendea shemeji dukani kwake nikamwomba kidole gumba chake, kwa kuwa yeye ni damu ya marehemu na umbo litakuwa lilelile. Nilimweleza kwa adabu zote. Akaniambia niende nikamwambie dada yake ukweli, tena leo. Mtu mwenye wivu hafichiki.

Jumapili, 9 Machi
Nimetumia changu. Nikakipaka mafuta ya kupikia, nikabonyeza, nikaacha sarafu dirishani mwa stoo, juani, tangu juzi. Leo asubuhi doa limetokea, jeusi, zuri kabisa. Mke wangu kaiona kabla sijaificha. Kaichukua, kaweka kidole chake juu ya doa. Hakikukaa. Kajaribu tena, taratibu. Halafu kairudisha dirishani, kaenda chumbani, kafunga mlango.

Nimeipima vizuri. Kosa ni dogo: doa limesogea kushoto kidogo. Nitalisugua hilo tu, nianze upya.